Mziki umeulipia, leseni unayo, klemu imekuja vilevile: uzi wa wapiga video wa Kigoma na kwingineko

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Wakuu habari za jioni.

Nauleta huu uzi kwa sababu kwenye grupu letu la wapiga video hapa mjini haipiti wiki hajaja mtu analia kapigwa kopiraiti na mziki kaununua, na majibu anayopewa ni yaleyale, mara futa video, mara zima sauti, mara ongeza spidi ya wimbo kidogo mashine isiutambue. Sasa pesa umetoa, leseni unayo, ufute video yako kwa lipi?

Mimi chaneli yangu ni ya mambo ya ziwani na vijijini, mwalo wa Kibirizi, dagaa wakianikwa, boti zinazopakia kwenda Kalemie, mawese yanavyokamuliwa, hizo ndo zangu. Mziki nachukua kwenye maktaba ya mtandaoni ya kulipia kwa mwezi. Nikapandisha ile video ya mawese YouTube, naingia Studio (ukurasa wao wa kusimamia chaneli yako) nakuta imeandikwa video ina maudhui ya mtu mwingine na mapato yanaenda kwake, na jina la mdai ni kampuni sijawahi kuisikia, wala siyo ile maktaba ninayoilipa. Hapo ndo wengi wanapopanic na kufuta. Usifute.

Kwanza elewa kinachotokea. YouTube wana mtambo unaitwa Content ID, upo tangu 2007. Wenye haki wanauingizia nyimbo zao, kila video inayopandishwa inalinganishwa na hilo ghala, sauti ikifanana klemu (dai kwamba wimbo ni wa mtu mwingine) inatoka yenyewe hakuna binadamu aliyekaa mahali akakuona. Mashine inasikiliza tu, haisomi risiti. Haijui kama wewe wa Gungu umelipa au umeiba, inajua wimbo ni huu. Kwahiyo leseni haizuii klemu kuja, kazi ya leseni ni kuiondoa ikishakuja. Ukilielewa hili presha inashuka nusu.

Na kwa nini jina ni geni? Wimbo mmoja una haki mbili, kuna utunzi (melodi na maneno) na kuna rekodi yenyewe. Mtunzi anaweza kuwa kaiweka rekodi kwenye maktaba, huku utunzi unasimamiwa na kampuni nyingine nchi nyingine kabisa. Na kuna wanaonunua biti au vipande vya sauti vya kila mtu, wanaimba juu yake halafu wanausajili wimbo mzima kana kwamba kila mlio ni wao, huyo anaweza kuklemu hata maktaba halali iliyotumia kipande hichohicho.

Halafu tofautisha klemu na straiki jamani. Klemu ya Content ID ni ya video hiyo moja, mdai anachagua akachukua mapato, akaizuia isionekane (nchi zote au baadhi), au akafuatilia tu takwimu. Chaneli yako kwa kawaida haichafuki. Straiki ni kitu kingine, hiyo mwenye haki kaandika ombi rasmi la kisheria video iondolewe. Straiki 3 ndani ya siku 90 chaneli iko kwenye hatari ya kufungwa. Straiki ya kwanza inaisha baada ya siku 90, ila umalize ile shule yao ya kopiraiti.

Nikiwa na nafasi nitaandika jinsi ya kupinga, bando limekaa vibaya.

---

Bwana Bando

Nimekaa paleee nasubiri. Ila mkuu unazunguka sana, weka wimbo chini ya sekunde 30 mchezo umeisha, mi nafanya hivyo miaka yote.

---

Mwisho_wa_Reli

@Bwana Bando hakuna sheria ya sekunde 30 popote, wala ya 15 wala ya 10. Sio YouTube na sio kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999. Content ID inaweza kudaka kipande kifupi sana. Kama hujadakwa ni kwamba huo wimbo haujaingizwa kwenye mtambo, au mwenye nao kaacha tu. Na yale maneno mnayobandika chini ya video "sina nia ya kuvunja hakimiliki, wimbo ni wa mwenyewe" hayana msaada, ukiyaangalia vizuri umeshakiri wimbo sio wako.

Kubadilisha spidi na kupandisha sauti ndo usijaribu, mtambo siku hizi unadaka, na mwenye wimbo akiona umeuharibu ili kumkwepa atakasirika kuliko angekukuta umeuweka mzima.

Haya sasa kupinga.

Kabla hujabofya chochote fungua klemu uisome. Inaonyesha wimbo gani, dakika ya ngapi mpaka ya ngapi, mdai nani. Linganisha na wimbo ulioulipia. Hii hatua watu wanairuka, wanapinga klemu ya wimbo A kwa leseni ya wimbo B. Mfano video yangu moja ya Kibirizi, mziki wa maktaba ulikuwa salama kabisa, kilichodakwa ni redio ya mama anayeuza migebuka nyuma yangu ilikuwa inapiga rumba ya Kikongo. Leseni yangu inanisaidia nini hapo? Haigusi. Kwa kesi hiyo unaingia kihariri cha Studio unachagua kufuta wimbo, kuna kifaa wamekiboresha 2024 kinatoa mziki kinaacha watu wanaongea, kikishindwa unanyamazisha kipande hicho au unakikata. Klemu inaondoka na video inabaki na watazamaji wake wote.

Ukijiridhisha wimbo ni uleule uliolipia, pinga. Utaulizwa sababu, chagua ya leseni au ruhusa. Watu wanachagua "matumizi ya haki" kwa sababu inasikika vizuri, sio hiyo, hiyo ni ya wanaochambua na kukosoa kazi, wewe umenunua ruhusa, sema una ruhusa. Kwenye maelezo andika kifupi: jina la wimbo na msanii kama yalivyo kwenye cheti, umechukua maktaba gani, namba ya leseni au ya oda, tarehe, na kwamba leseni inaruhusu video za YouTube zenye matangazo. Basi. Usitukane, usiandike historia ya maisha. Kiingereza chepesi kinatosha.

Muda ndo muhimu. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu klemu ije, mapato yanashikiliwa kuanzia siku ya kwanza ya klemu mpaka mgogoro uishe, atakayeshinda anachukua. Ukichelewa zaidi ya hapo yanashikiliwa tangu siku uliyopinga, ya nyuma yameshaenda. Mdai ana siku 30 za kujibu, akikaa kimya klemu inaanguka yenyewe, na wengi wanaachia wakiona namba ya leseni maana hawana ugomvi na mteja wa maktaba yao.

Na kabla ya yote hayo, waandikie maktaba uliyolipa. Unawapa linki ya video, wao wanaongea na mdai, mara nyingi ndo njia fupi kuliko zote. Yangu ya mawese iliondoka kwa njia hiyo.

---

Mnyamwezi Halisi

Niko Tabora huku napiga za asali na misitu ya miombo, swali langu: akikataa pingamizi inakuwaje? Maana nimeambiwa ukikata rufaa ukashindwa wanafunga chaneli.

---

Mwisho_wa_Reli

@Mnyamwezi Halisi wamekutisha ila sio uongo wote. Akikataa unaweza kukata rufaa, hapo mdai ana siku 7 tu. Kwenye rufaa hawezi kusema tu "nakataa" halafu klemu ibaki, ana mawili, aachie au atume ombi la kisheria la kuiondoa video, na akituma unapata straiki. Straiki 1, chaneli haifungwi kwa hiyo moja. Kwahiyo rufaa kata kama karatasi zako zimenyooka, kama una wasiwasi hata kidogo badilisha wimbo humohumo kwenye Studio uendelee na maisha.

Baada ya straiki kuna njia ya kutuma kanusho la kisheria, mdai ana siku 10 za kazi, wanahesabu za Marekani, aonyeshe kapeleka kesi mahakamani, asipofanya hivyo video inarudi. Lakini ujue kwenye hilo kanusho unatoa jina lako kamili na anwani na vinapelekwa kwa mdai, na unasaini kwamba unakubali mambo ya mahakama. Sio fomu ya kujaza ukiwa na hasira saa sita usiku.

---

Fundi Kamera Gungu

Mleta mada umeongea vizuri ila umeongelea watu wa chaneli zao, sisi wa harusi je? Mi napiga send-off na harusi, bibi harusi anataka Bongo Fleva aliyoingilia nayo ukumbini, MC anapiga nyimbo ishirini, halafu familia wanataka iwekwe YouTube ndugu walioko Oman na Burundi waone. Mwezi uliopita familia moja imenigeuka inasema nimewauzia video mbovu kwa sababu ndugu zao nchi moja hawaioni, imezuiwa.

---

Mwisho_wa_Reli

@Fundi Kamera Gungu hii kesi ya harusi ndo ngumu kuliko zote na haina dawa ya kubofya. DJ kupiga wimbo ukumbini ni haki moja, kuubandika wimbo kwenye video na kuisambaza ni haki nyingine kabisa. Hata kama ukumbi una kibali, hata kama wewe mwenyewe umeununua huo wimbo kwa pesa, umenunua kusikiliza, hujanunua kuuweka kwenye picha.

Ninavyofanya mimi nikipewa kazi za hivyo: natoa video mbili. Nzima yenye nyimbo zote inaenda kwenye flashi ya familia, ni kumbukumbu yao ya nyumbani. Ya YouTube naitengeneza fupi, nyimbo za ukumbini natoa naweka za leseni, naacha sauti za watu, vigelegele, wazee wakiongea, baba akimkabidhi binti. Na nakuambia ukweli hiyo fupi ndo watu wanaiangalia mpaka mwisho.

Ile ya kuzuiwa nchi moja ni kwamba mdai kaamua hivyo, haki za wimbo zinaweza kuwa na wenyewe tofauti kila nchi. Kwenye Studio ukifungua klemu inakuonyesha imezuiwa wapi. Angalia KABLA hujawapa familia linki. Pandisha ikiwa ya faragha, subiri ukaguzi wa kopiraiti umalize, ikiwa safi ndo unaitoa. Ila ukaguzi huo sio wa mwisho, klemu inaweza kuja hata miezi baadaye wimbo ukiingizwa kwenye mtambo.

---

Biti za Ujiji

Naingia kama prodyuza maana naona tunalaumiwa kimya kimya hapa 😂

Nieleze upande wetu. Biti moja naiuza kwa watu wengi kwa bei ndogo, ile ya kukodi sio ya kuimiliki. Sasa dogo mmoja kati ya waliokodi anapeleka wimbo wake kwa msambazaji wa kimataifa, kwenye fomu kuna sehemu ya kuweka tiki uingie Content ID, anatiki. Kuanzia hapo kila aliyekodi biti ileile anapigwa klemu na dogo, na mimi mwenye biti nikiweka kwenye chaneli yangu napigwa na mteja wangu mwenyewe!! Hilo limenitokea na dogo wala hakuwa na nia mbaya, hakujua ile tiki ina maana gani.

Kanuni ya Content ID ni kwamba unachokiingiza uwe na haki nacho peke yako. Biti ya kukodi huna. Kwahiyo kwenye karatasi zangu sasa hivi nimeandika wazi ukikodi hauruhusiwi kuuingiza wimbo Content ID, ukitaka nunua biti nzima. Na nyie wapiga video mkija kuchukua biti kwetu mkononi kwa elfu hamsini na salamu, dai karatasi. Hata meseji ya WhatsApp yenye jina la biti, tarehe, na maneno "ruhusa kutumia kwenye video YouTube na kupata mapato" ni bora kuliko "mwanangu tumia tu".

---

Mwisho_wa_Reli

@Biti za Ujiji hii ndo niliyokuwa naitaka mtu aiseme. Wengi tunadhani mziki wa mshkaji ni salama kuliko wa maktaba, kumbe wa mshkaji ndo hauna karatasi.

---

Kwaya ya Pili

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kwaya, sisi tumerekodi tenzi ya zamani, tumeipiga kinanda wenyewe na kuimba wenyewe, tumepandisha YouTube ikaja klemu kwamba melodi ni ya kampuni fulani ya nje. Tenzi yenyewe ni ya karne ya 19! Inakuwaje mtu anadai wimbo wa babu zetu?

---

Mwisho_wa_Reli

Ameni katibu. Hapa rudi kwenye zile haki mbili. Rekodi ni yenu, hiyo hana. Melodi kama mtunzi alishafariki zamani sana haina mwenyewe tena, kwetu hakimiliki inalinda kazi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kinachotokea ni kwamba mtu karekodi mpangilio wake wa melodi hiyohiyo akausajili, na mtambo unatambua melodi hata ikiimbwa na mwingine. Pingeni, chagueni sababu ya kwamba utunzi uko huru kwa umma, muandike mtunzi asilia ni nani na alifariki mwaka gani, na kwamba uimbaji na vyombo ni vyenu.

Angalizo moja katibu. Melodi kuwa huru haimaanishi maneno ya Kiswahili ni huru, tafsiri nayo ina hakimiliki yake, na mpangilio wa sauti mliotumia kama mliuchukua kwenye kitabu cha mtu wa juzi huyo naye ana haki. Hakikisheni kabla hamjaandika.

Na nyimbo mlizotunga wenyewe mkazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Haki inaanza kazi inapotungwa hata bila kusajili, lakini siku mkibishana na mtu cheti chenye tarehe kina uzito.

---

Mama Migebuka

Mi nauza samaki wa kukausha nawatangaza Facebook na TikTok na video fupi. Hii yote inanihusu au ni ya YouTube tu?

---

Mwisho_wa_Reli

Inakuhusu dada yangu tena wewe zaidi kwa sababu unafanya biashara. TikTok ukiwa na akaunti ya biashara unapewa maktaba yake ya mziki wa kibiashara, zile nyimbo kali zinazotrendi hazimo, na ni makusudi, ruhusa ya mtu wa kawaida kucheza sio ruhusa ya kutangaza migebuka. Tumia za kwenye hiyo maktaba. Facebook nao wana mtambo wao wa wenye haki unaitwa Rights Manager, kazi yake inafanana na ya Content ID, na klemu ukiiondoa YouTube haijaondoka Facebook, ni nyumba mbili.

Usichukue wimbo uliopewa bure ndani ya programu moja ukapeleka video kwenye nyingine. Hata YouTube wenyewe, wimbo uliouchukua kwenye maktaba ya Shorts (zile video fupi zao) ni wa Shorts, ukiuweka kwenye video ndefu unaklemiwa. Na Shorts inayozidi dakika 1 ikiwa na klemu inazuiwa dunia nzima, hiyo ichunge.

Kama hutaki gharama kuna Maktaba ya Sauti ndani ya YouTube Studio, bure. Angalia tu alama pembeni ya wimbo, baadhi zinataka umtaje msanii kwenye maelezo, unakopi yale maandishi unabandika, umemaliza.

---

Bwana Bando

Nimenyooshwa kwenye sekunde 30 nakubali 😅 sasa nikilipia hiyo maktaba mwezi mmoja nikapakua nyimbo mia nikaacha kulipa si nimeshamaliza?

---

Mwisho_wa_Reli

Hahaha mnawaza kama wachuuzi wa mawese. Soma masharti, zinatofautiana. Nyingi za kulipia kwa mwezi zinasema video ulizotoa ukiwa umelipia zinabaki salama, mpya utakazotoa baada ya kuacha hazimo hata kama wimbo uliupakua zamani. Nyingine unanunua wimbo mmoja mmoja na ni wa kudumu. Halafu nyingi zinakutaka uunganishe chaneli yako kwenye akaunti yao ili klemu zao zisikuguse, watu wanalipia wanasahau hiyo hatua halafu wanashangaa. Na mpango wa bei ya chini mara nyingi ni wa chaneli zako tu, kazi ya mteja haimo. Fundi Kamera hii ni yako.

Pakua cheti cha leseni siku uliyochukua wimbo, weka kwenye folda moja na prodjekti. Akaunti ikifungwa au maktaba ikibadilisha mfumo hutapata pa kukitoa.

---

Fundi Kamera Gungu

Nimeelewa mkuu. Kwahiyo video ikipandishwa kwenye chaneli ya familia na sio yangu leseni yangu haiwafikii?

---

Mwisho_wa_Reli

Inategemea mpango, ukiwa na ule unaoruhusu kazi za wateja inafika, unawapa nakala ya cheti waitumie kupinga, maana anayepinga ni mwenye chaneli sio wewe. Ukiwa na wa kawaida pandisha kwako uwape linki.

---

Fundi Kamera Gungu

Poa. Jumamosi nina send-off Katubuka, nipe sentensi ya kuweka kwenye makubaliano wasije wakanigeuka kama wale.

---

Mwisho_wa_Reli

Weka hii, ibadilishe utakavyo: "Video kamili yenye nyimbo za ukumbini ni kwa matumizi ya nyumbani. Video ya mtandaoni itawekwa mziki wenye leseni atakaouchagua mpiga video. Mteja akiipandisha video kamili mtandaoni, klemu, kuzuiwa au kuondolewa kwake ni juu ya mteja." Wasaini kabla hujachukua advansi.